Jibu: Friza za sampuli hazitumi tahadhari umeme ukikatika usiku

Ndugu, salaam. Umeeleza kwamba tahadhari za friza zenu za nyuzi 80 chini ya sifuri, hapo Entebbe, hufika vizuri mkizijaribu mchana, lakini usiku umeme ulipokatika hakuna aliyepata ujumbe hadi friza moja ikakutwa imepanda joto, ingawa jenereta iliwaka.

Kabla ya kugusa seva (kompyuta inayotuma tahadhari), kagua swichi ya mtandao iliyo karibu na friza, yaani kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao. Katika taasisi nilizohudumia, friza na seva huunganishwa kwenye jenereta, huku swichi inayopitisha taarifa za vitambuzi vya joto ikiachwa kwenye soketi ya kawaida isiyopata umeme wa jenereta, hivyo kitambuzi huona joto likipanda lakini ujumbe hauna njia ya kutoka. Jaribio la mchana haliwezi kufichua kasoro hiyo, kwa sababu umeme upo. Zimeni umeme wa jengo kwa makusudi, fundi wa umeme na msimamizi wa sampuli wakiwepo, mwone kifaa kipi kinazimika.

Hata swichi ikiwa nzima, wekeni modemu yenye laini ya simu na betri yake, itume ujumbe mfupi bila kutegemea intaneti, kwa watu wawili wa zamu. Saketi, yaani njia ya umeme, iliyoiangusha friza ile moja siwezi kuitaja bila kuona ramani ya umeme ya jengo lenu.