Kwanza niambie nani alimpa hilo jina

Wiki hii mmeuliza kama mwandishi wa hadithi fupi ampe mhusika jina lenye maana, au amwite vyovyote ilimradi tusimchanganye na mwenzake. Mimi nasema ampe lenye maana, ila maana hiyo iwe ya aliyempa jina humo ndani ya hadithi, isiwe ya mwandishi.

Hadithi nyingi ninazosoma zinanichosha hapo. Mwanasiasa mwongo ni Mheshimiwa Ahadi, binti mvumilivu ni Subira, na ukishajua hivyo umeshajua mwisho. Wapo wajanja wanaogeuza, mwizi wakamwita Amini na mgomvi wakamwita Salama, wakadhani wametuzidi akili. Kibandiko ni kilekile. Najua kuna atakayeniletea Shaaban Robert. Ni kweli, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, ndugu zake Adili ni Hasidi na Mwivu, na hakuna anayelalamika. Lakini ile ni ngano, ina majini na watu wanaogeuzwa manyani, na kwenye ngano tumeshazoea tangu kwa bibi zetu kwamba jina ndiyo tabia. Mama wa hadithi ya leo, anayegombania kiwanja pale Chikongola, Mtwara mjini, hayumo kwenye ngano. Alizaliwa na watu, na watu hao walikuwa na mambo yao.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima huku Tandahimba, Mtwara. Msimu wa korosho ukifunguliwa naandika majina kutwa, kwa hiyo haya ninayasema kwa uzoefu wa daftari. Chukua Semeni. Ni jina la mama aliyekuwa akisemwa mtaani, akaamua kujibu kupitia mtoto. Kila akimwita mwanawe aje kula, jirani ng'ambo ya ua wa makuti anapata salamu zake. Au Sikitu, jina ambalo mama aliyezika watoto humpa anayefuata, amdharau kwa mdomo ili kifo nacho kimdharau. Semeni mwenyewe huenda ni mpole, hana neno na mtu. Jina lake ni ugomvi wa mwaka aliozaliwa. Sasa mwandishi amlete huyo Semeni, ana miaka thelathini, na yule jirani bado yu hai, na leo ndiye anayetaka kumposa Semeni kwa ajili ya mwanawe. Hadithi ipo tayari, hata aya moja ya kueleza yaliyopita haihitajiki.

Kuna jingine ambalo sijaona waandishi wakilitumia ipasavyo, nalo ni mtoto aliyepewa jina la babu yake mzaa baba. Mama hawezi kutamka jina la mkwe wake ovyo, basi mwanawe anamwita "babu" au "baba mkwe", tena akimchapa anamchapa kimyakimya. Siku hasira zikimpanda akamtukana kwa jina lenyewe, mume yuko sebuleni anasikia. Ametukanwa mtoto au ametukanwa mzee? Wanawake wengine hurudishwa kwao kwa mambo madogo kuliko hilo.

Tena huku Kusini mtu hana jina moja. Kijana wa Kimakonde au wa Kiyao akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na la utotoni anaacha hukohuko. Ukimwita kwa lile la zamani mbele za watu umemtukana, labda awe bibi yake. Mhusika akiitwa hilo jina na askari, au na mke anayetaka kumdhalilisha, msomaji wa huku anaruka kitini. Wa Arusha itabidi asaidiwe kidogo, lakini asihubiriwe.

Msimu uliopita mzee mmoja alisimama mbele ya mizani yangu na magunia yake. Nikaita jina la kwenye kitambulisho, maana ndilo lililo benki, na lisipolingana na la akaunti malipo yanakwama. Kimya. Nikarudia, kimya, naye ananitazama. Jirani yake alipomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza ndipo akaitika, akacheka kwamba hilo jingine ni la serikali. Mzee huyo ana jina la serikali, la jando, la mtoto wake, na mkewe bila shaka ana lake. Mwandishi akichagua nani amwite nini, na wakati gani, ameshatuonyesha nani anamheshimu na nani anamdai.

Lakini haya ni kwa wahusika wenye kazi. Muuza pweza pale Feri anayepita mara moja tu kwenye ukurasa wa pili, mwacheni aitwe Hamisi. Mkimpa jina zito msomaji atakaa anamsubiri arudi, na yeye ameshauza pweza wake kaenda zake.