Jibu: gari kukamata breki yenyewe bodaboda wakichomekea

Mkuu salama. Umesema ukipita Ngamiani hapa Tanga mjini gari inapiga kelele na kukamata breki yenyewe boda wakikuchomekea, sasa unataka uzime kila kitu kwenye ile mifumo ya gari ya kumsaidia dereva. Usizime vyote. Anza na kioo cha mbele, kamera ya hiyo mifumo imekaa pale juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kukiwa na vumbi au stika haioni vizuri, na kama kioo kiliwahi kubadilishwa kamera inatakiwa isetiwe upya. Halafu cheki nembo ya mbele, gari nyingi rada inayopima umbali wa kilicho mbele iko nyuma yake, ukifunga ngao ya chuma umeiziba.

Onyo la kutoka kwenye mstari mjini mimi nazima, mistari yenyewe imefutika. Kruzi, ile ya gari kushika mwendo yenyewe, inayofuata gari la mbele nayo mjini inasumbua, inaacha nafasi boda anaingia, inapunguza mwendo anaingia mwingine, na wa nyuma yako anazidi kukusogelea. Hiyo itumie ukishatoka mjini, umepita Pongwe unaelekea Segera.

Ila breki ya dharura, hiyo inayokamata yenyewe, nakuomba sana ndugu yangu iache ikiwa imewashwa, ingia kwenye menyu onyo uliweke lije kwa karibu tu. Mtoto akikatiza ghafla inaweza kuwahi kuliko mguu wako. Usiku usiitegemee, guta halina taa, inaweza isilione.