Unataka kusomea tiba ya usemi? Anza na benchi

Kila miezi ya maombi ya vyuo ikifika, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo dada. Nasikia ulisomea mambo ya kuongea huko nje. Naomba koneksheni." Koneksheni sina, mdogo wangu. Nilicho nacho ni makosa niliyoyalipia kwa hela yangu, pamoja na swali ambalo huwa nawarudishia wote: umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki siku nzima ukitazama tu?

Wengi wakishasoma swali hilo hawajibu tena. Wanaojibu ndio ninaowaandikia hapa.

Mimi ni mtu wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Baada ya shahada ya elimu maalumu nilipangiwa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, katika shule ya msingi hapa hapa Moshi. Darasani nilimkuta mtoto wa miaka saba asiyesema neno. Siku ya kwanza mama yake aliniambia, kama mtu anayesoma risiti: "Mwalimu, tumemkata udata, tukamkata na kimeo, tukampeleka kwenye maombi. Bado." Shahada ninayo, cheti kiko ukutani, na la kumwambia sina.

(Niliseme hili mapema kwa kuwa wazazi nao husoma hapa. Udata, ule utando unaoubana ulimi kwa chini, upo, na unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutoa baadhi ya sauti. Lakini mtoto asiyeelewa akisemeshwa, wala hanyooshi kidole kuonyesha anachotaka, shida yake haiko chini ya ulimi. Mpeleke kwanza akapimwe masikio. Kimeo mwachieni, hakijamkosea mtu.)

Baadaye nikasikia kuna mtaalamu wa usemi kutoka nje amekuja kujitolea hospitali moja hapa mjini kwa wiki chache. Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu niwe naenda kumtafsiria mara mbili kwa wiki. Siku ya pili aliletwa mtoto wa miaka mitatu. Mtaalamu akaweka kigari cha plastiki mezani, akakifunika kwa mkono, akanyamaza. Mama wa mtoto akaanza: "Sema gari! Haya, sema gari! Si nyumbani unasema?" Nikaambiwa nimwombe mama ahesabu moyoni hadi kumi bila kusema kitu. Mtoto akautazama ule mkono, akainua macho kumtazama mama yake, kisha akarudi kwenye mkono. Hakusema chochote. Mimi nikaona hakuna kilichotokea, lakini mtaalamu aliandika karibu ukurasa mzima.

Jioni akanieleza. Kabla ya neno la kwanza, mtoto hujifunza kugawana macho: mimi, wewe, na kile kitu. Yule mtoto alikuwa amefika hapo peke yake, ila kila akijaribu, mtu mzima anamjazia kelele. Nilitembea kwa miguu hadi stendi nikiwaza ni watoto wangapi wa kitengo changu niliowajazia kelele mwaka mzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni benchi, miezi mitatu ikiwezekana. Nenda panapotolewa fiziotherapia, tiba kwa vitendo au kliniki ya watoto wenye mtindio wa ubongo, uombe kuwa mkalimani, mfuta meza, chochote. Kazi hii ina mate, ina makohozi, ina chakula kinachorudi kupitia puani kwa mtoto mwenye kaakaa wazi. Ina mzee wa kiharusi anayelia kila akikosa neno. Bora ugundue kwamba huiwezi ukiwa umetumia nauli ya daladala kuliko ukiwa umeshauza shamba.

Sasa masomo yenyewe. Kwanza elewa kwamba nchi hazifanani. Marekani huwezi kupata cheti cha taaluma hii bila shahada ya uzamili. Mahali pengi kwingine, shahada ya kwanza inatosha kuanza kazi: Afrika Kusini ni miaka minne, Makerere walifungua yao mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, India kuna taasisi kongwe ya usemi na usikivu pale Mysore, iliyoanza 1965, ambako shahada ya kwanza ni miaka mitatu darasani na mmoja wa mazoezi kazini. Kwa hiyo kama ndiyo kwanza umemaliza kidato cha sita, achana na ndoto ya uzamili. Fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka huu uone fani za afya zilizopo nyumbani, halafu uwatazame majirani.

Uzamili ni njia ya watu kama mimi, waliokwisha kusoma kitu kingine. Uingereza wana uzamili wa miaka miwili unaompokea mtu wa shahada tofauti na kumtoa akiwa na sifa ya kusajiliwa. India haiko hivyo: ukitaka uzamili wa tiba ya usemi, sharti uwe na shahada ya kwanza ya fani hiyo hiyo. Kuna na mtego mmoja. Vyuo vingine vina uzamili wenye jina la kupendeza la "matatizo ya mawasiliano", lakini ni wa utafiti mtupu. Utaandika tasnifu nzuri, na mgonjwa hutaruhusiwa kumgusa. Waulize swali la kishamba kabisa: nikimaliza, naruhusiwa kutibu? Wakizunguka kwenye jibu, funga ukurasa.

Mimi nilikwenda Marekani kwa sababu chuo kimoja kilinipa kazi ya msaidizi iliyopunguza ada. Hapo ndipo HKL ilipokuja kudai chake. Kanuni za huko zinamtaka mwombaji awe amesoma baiolojia, fizikia au kemia, takwimu, na sayansi ya jamii, zote za ngazi ya chuo. Juu yake kuna masomo ya msingi ya fani: anatomia ya koo na masikio, fonetiki, jinsi mtoto anavyojifunza lugha, upimaji wa usikivu. Nikiwa na miaka 29 nilikaa mwaka mzima na vijana wa miaka 19 nikijifunza wimbi la sauti, mimi ambaye fizikia niliiaga kidato cha pili kwa furaha. Hayo ya kuziba pengo hayahesabiwi kwenye ile miaka miwili ya uzamili wenyewe.

Uchungu wa takwimu bado ninao. Kabla sijasafiri, ofisi ya udahili iliniambia kwa simu kwamba takwimu za elimu nilizosoma nyumbani zinatosha. Nilipofika, mtu mwingine kwenye ofisi ile ile akasema hazitoshi, na yule wa kwanza alikuwa ameshahama kazi. Nililipia somo lile mara ya pili. Kwa hiyo kila wanachokuahidi, omba wakiandike kwenye barua pepe yenye jina la mtu. Beba pia mihtasari ya masomo yako yote ya shahada ya kwanza, somo kwa somo, kwa maana cheti na matokeo peke yake havielezi ulifundishwa nini. Usipoibeba utawapigia simu wenzako huku waipige picha ofisini kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara yuko safarini Dodoma.

Kitakachokutawala hata hivyo ni saa. Shirika la taaluma la Marekani, ASHA, linadai saa 400 za kliniki: 25 za kutazama, 375 za kufanya kazi na wagonjwa wenyewe. Kwetu kilichohesabiwa ni dakika ulizokuwa na mgonjwa. Kuandaa kifaa usiku kucha, kuandika ripoti ya kurasa sita, kusafiri, kote huko ni sifuri. Theluji ikizuia mgonjwa kuja, sifuri. Nilikuwa na daftari la dakika kama mama muuza maziwa anayeandika madeni. Na angalau robo ya muda wako na kila mgonjwa, msimamizi anakutazama, mara nyingi nyuma ya kioo, halafu anakuita. Msimamizi wangu wa kwanza alichora alama nyekundu kila mahali nilipomjazia mtoto jibu. Dakika thelathini, alama kumi na tisa. Nikamkumbuka yule mama wa kigari.

Ukimaliza shule bado kuna mtihani wa taifa na kipindi cha kazi chini ya usimamizi, wiki 36 kwa muda kamili, jumla ya saa 1,260. Kwa mwanafunzi wa kigeni hiyo inaingia ndani ya ile ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi baada ya masomo, lakini inaingia kwa kubanana. Anza kuitafuta nafasi hiyo kabla ya muhula wa mwisho.

Jambo lililonishangaza ni koo. Nilikwenda nikidhani nitafundisha watoto kusema, nikajikuta hospitali nikipima kumeza. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kufa kwa maji ya kunywa yakiingia njia ya hewa, kwa hiyo chakula na vinywaji hupangwa kwa viwango, kuanzia 0 ambacho ni maji hadi 7 ambacho ni chakula cha kawaida. Kupima uzito wa kinywaji ni rahisi: sirinji ya mililita 10, ijaze, iachie itiririke kwa sekunde 10, uone kimebaki kiasi gani. Ikibaki chini ya mililita moja, hayo ni kama maji. Kati ya 4 na 8 ni kiwango cha 2. Mifano yote ya darasani ilikuwa ya vyakula ambavyo mama yangu hajawahi kuviona. Likizo ya kwanza nyumbani, niliishika sirinji jikoni nikapima uji wa lishe, wa mahindi, wa ulezi, wa moto na uliopoa. Uji ukipoa unapanda kiwango, jambo ambalo bibi yeyote wa Kibosho angeniambia bure. Mtori nikausaga, nikaujaribu kwa uma na kijiko. Mama akauliza kama huko Marekani hawana chakula hadi nimekuja kuchezea chake. Daftari lile la uji ndilo ninalolifungua mara nyingi kazini kuliko kitabu chochote nilichonunua kwa dola.

Ndiyo maana nawaambia wanaoondoka: mkiwa huko, kila mnachofundishwa mkiulize kwa Kiswahili. Vipimo vya lugha mtakavyopewa vilitengenezwa kwa watoto wa Kiingereza. Vinauliza kama mtoto anaweka "s" ya wingi mwishoni mwa jina. Wetu wingi wake uko mwanzoni, na hauishii kwenye jina: viti vyangu viwili vimevunjika, mara nne katika sentensi moja. Mtoto anayeyumba kwenye upatanisho huo ana mengi ya kukueleza, na karatasi ya Kiingereza haina kisanduku cha kuyaandika. Upande wa pili, ukikichukua kipimo cha sauti kama kilivyo, mtoto anayesema "selasini" badala ya "thelathini" utamwandikia ana tatizo, kumbe baba, mama na hata mwalimu wake wa hesabu wanasema hivyo hivyo. Huyo ana jamaa zake, hana ugonjwa. Wanaochanganya "r" na "l" vilevile, kabla ya kuwagusa uliza kwanza nyumbani wanazungumza lugha gani.

Kurudi kuna shida zake, sitazikalia sana. Ofisi ya kwanza niliyopeleka barua ya kazi waliniuliza cheo hicho kiko idara gani, nikapelekwa idara ya masikio, masikio wakanirudisha kwa watoto. Hakikisha TCU wameitambua shahada yako mapema, na uwe na akiba ya miezi kadhaa. Mtaani nitaendelea kuitwa "yule wa kufundisha kuongea", nimeshazoea.

Ila kuna mzee mmoja ambaye darasani hawakunifundisha. Au tuseme walinifundisha nikadhani ni historia. Tulisoma kuhusu Paul Broca, daktari wa Paris, ambaye mwaka 1861 alieleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan". Mzee wangu aliletwa na wanawe wawili wakiwa wamekasirika. Tangu apate kiharusi hamtaji mke wake kwa jina, haombi maji, lakini ukimwambia "Shikamoo" anajibu "Marahaba" safi kabisa, hata "hujambo mwanangu" anaongeza. "Dada, mzee anadeka," akasema yule mkubwa. "Anachagua wa kuongea naye."

Nikawaeleza kwamba salamu, kuhesabu, sala na nyimbo za kanisani hutoka kama mtu anavyotembea, bila kuyatafuta maneno. Kuomba maji kunahitaji ulitafute neno, na njia ya kulitafuta ndiyo iliyoumia. Nikamwimbia mwanzo wa wimbo wa Krismasi, mzee akaupokea ubeti mzima. Kisha nikamwonyesha kikombe. Akafungua mdomo, akafunga. Nikahesabu hadi kumi. Yule kijana mkubwa alikuwa ameshavuta pumzi amjibie, mdogo wake akamshika mkono.

Mnaonitumia ujumbe, siku zangu ni Jumanne na Alhamisi, na benchi lina nafasi ya mtu mmoja. Njoo saa mbili asubuhi na daftari, simu ibaki kwenye mkoba. Usipange kuondoka saa sita.