Kabla hujaweka dole gumba, jiulize siku ya kura utalala wapi

Kichinjio changu cha kwanza, yaani kadi ya mpiga kura, nilikipata Tabora, chini ya mwembe, Julai 2024. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa kwetu Kigoma tarehe 20 mwezi ule, na kwa kuwa Kigoma na Tabora zilikuwa mzunguko mmoja, nyumbani na chuoni watu waliandikishwa wiki ileile. Siku saba tu. Nilikuwa nimepanga chumba Isevya, palepale Tabora, mitihani inakaribia, na kituo kilikuwa dakika tano kwa mguu. Kwenda mpaka Gungu, nyumbani Kigoma, nikaona ni kuchoma nauli bure.

Niseme ukweli, sikufuata kura. Namba ya NIDA ninayo, kitambulisho chenyewe cha taifa sijakiona, na kila dirisha ninalokwenda wanataka kadi yenye picha. Sidhani kama nilikuwa peke yangu kwenye ile foleni.

Asubuhi ile nilikuwa nimefua ndoo mbili za nguo, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Mashine ya BVR, ile ya kusoma alama za vidole, ikagoma kunisoma. Kaka aliyekuwa anaandikisha akanipa kitambaa: "Futa, dada, pumzisha mkono. Ukibonyeza usisukume." Mara ya nne ikakubali. Picha, saini, kadi ikatoka palepale ingali na joto. Kwa hiyo siku ya kwenda kujiandikisha, nguo zisubiri.

Kosa langu la kwanza lilinifika Novemba 27, uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimejipanga na kadi yangu mpya, nimefika mezani, jina halipo. Mzee wa mbele yangu, ambaye hakuwa na kadi yoyote ya Tume ya Uchaguzi, jina lake lipo. Kumbe kura ya mwenyekiti wa mtaa inasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na ina orodha yake, iliyoandikwa kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Matangazo ya gari nilikuwa nayasikia kila siku nikijua hayanihusu, si nina kadi? Wenzangu wengi chuoni walidhani hivyohivyo. Ni madaftari mawili tofauti, mdogo wangu, na kuwemo kwenye moja hakukuingizi kwenye lingine.

Wapo wanaosema mwanafunzi ni mpita njia, mwenyekiti wa mtaa wa nini? Subiri utakapohitaji barua ya utambulisho, au mwenye nyumba akutolee godoro nje saa mbili usiku kwa kodi ya wiki mbili. Utamtafuta huyohuyo mwenyekiti.

Kosa la pili nililigundua nikiwa nimelala, natazama dari. Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 2025. Masomo yangu yangeisha kabla ya hapo, chumba ningekirudisha, ningekuwa kwa mama. Na kura unaipigia kwenye kituo ulichoandikishwa, si popote ulipo. Kaka yangu yalimkuta mwaka 2010. Alijiandikisha akiwa chuo Dar es Salaam, ikafika Oktoba 31 vyuo havijafunguliwa, yeye yuko Kigoma anasikiliza matokeo redioni na kadi iko mfukoni. Hakuwa peke yake, wanafunzi wengi nchi nzima walilia kilio hicho. Mimi nilikisikia kilio hicho mezani kwetu miaka yote, na bado nikajiandikisha pasipo kuhesabu miezi.

Kuhamisha taarifa kunawezekana, ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui: unakwenda kituo cha kule unakohamia, na kadi yako ya zamani mkononi. Ule mfumo wa mtandaoni wa Tume unakuanzishia safari tu, kumalizia ni kituoni, ana kwa ana. Kwa hiyo ilipokuja awamu ya pili ya uboreshaji Mei 2025, ilinibidi nipande treni mpaka mwisho wa reli. Treni yetu nayo si ya kila siku, ukiikosa unahesabu upya, na safari hii vituo vilikuwa vichache, ngazi ya kata. Nimekosa vipindi viwili na nimeazima nauli kwa rafiki. Na usije ukafanya alichonishauri jirani yangu wa chumba, eti nijiandikishe upya Gungu kama mtu mpya, nibaki na kadi mbili. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na alama za vidole hazijui kudanganya.

Kuhusu wapi pa kuchagua, kura ya Rais ni ileile popote ulipo. Kinachobadilika ni mbunge na diwani. Wewe uliye mwaka wa kwanza, na chuo kitakuwa wazi siku ya kura, baki na Tabora yako kwa amani, maji ya pale unakunywa wewe. Anayemaliza, au ambaye likizo au mafunzo ya vitendo yatamtoa, aandikishwe atakakokuwa. Kalenda ya chuo iko ubaoni, isome kabla hujapanga foleni.

Kadi mpya imeandikwa Gungu. Mama aliigeuzageuza, akavaa miwani, akatazama tena, akasema picha ya Tabora ilikuwa nzuri zaidi.