Nimeshusha gari, sasa nyuma inanguruma: ni beringi kweli?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Impreza ya 2003, otomatiki. Niliishusha mwaka huu, nikafunga springi fupi mpya ila shokapu nikaacha zilezile, imekaa chini kama sentimita nne hivi na kwa kweli imependeza. Mwanzoni haikuwa na shida yoyote, afu taratibu ikaanza kunguruma upande wa nyuma, ukifika 60 unaisikia wuu wuu wuu, ukifika 80 mpaka uongeze sauti ya redio. Fundi wangu akasema beringi ya nyuma kulia (ile inayofanya tairi lizunguke laini) imekufa, nikanunua akabadilisha, kelele iko palepale. Sasa anasema basi itakuwa ya kushoto, na jamaa mwingine pale gereji anasema ni difu, yale magia ya kugawa nguvu kwa tairi. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za tairi, sijafanya maana usukani hauvuti popote, gari inanyooka vizuri tu. Nisaidie, nimechoka kununua spea kwa kubahatisha. (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela ya beringi ya kushoto irudishe mfukoni kwanza.

Umesema vitu viwili ambavyo huyo fundi wako naona kavipita tu. Kwanza kelele haikuanza siku ile ulipotoka gereji, imekuja taratibu. Kama kuna kitu kimefungwa vibaya, labda springi haijakaa kwenye kikombe chake au lile bati la nyuma ya diski limepinda likagusa, ungesikia siku hiyohiyo kabla hata hujafika nyumbani. Kinachokuja taratibu kinakua na kilomita, yaani kuna kitu kinalika. Pili, umeshusha gari na hujafanya alaimenti, hapo ndo mi nimeweka jicho.

Ukishusha bodi zile mikono za chini zinazoshika tairi zinabadilika pembe, na miguu ya tairi inahama. Juu ya tairi inaingia ndani kidogo, hiyo ndo kemba, wengi wenu mnaipenda kwa macho na yenyewe haina fujo sana. Mla tairi ni ile nyingine, tairi kuangalia nje au ndani badala ya mbele, maana hapo tairi haliviringiki sawasawa, linaburuzwa kidogo kila mzunguko. Na usidanganyike na usukani, kama ya kulia inaangalia nje na ya kushoto inaangalia nje kiasi kilekile, zinavutana zinabalansi na gari inanyooka kama kawaida huku raba inaisha. Gari kutovuta haina maana alaimenti iko sawa, hii naomba muikate muibandike ukutani huko magereji.

Sasa fanya hivi leo jioni gari ikiwa imepoa. Weka kiganja kwenye uso wa tairi la nyuma, pitisha kutoka nje kwenda ndani, afu rudisha kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja mkono unateleza na ukirudi vidole vinakwaruzwa kama umepitisha kwenye msumeno, jibu umeshapata. Gusa hasa bega la ndani, lile usiloliona ukisimama nje, maana kwenye gari iliyoshushwa huko ndo kunakoisha kwanza, nje tairi inaonekana zima kabisa. Kama badala yake unasikia mabonde, hapa juu hapa chini kuzunguka tairi, hizo ni shokapu zimechoka, tairi lilikuwa linadundadunda barabarani. Na wewe umefunga springi fupi juu ya shokapu za zamani, kwa hiyo usishangae ukikuta vyote viwili. Tairi la namna hiyo likizunguka kwa spidi linatoa mngurumo unaofanana sana na wa beringi, fundi mzuri kabisa anadanganyika.

Ukitaka uhakika toka nayo barabarani asubuhi mapema kukiwa kweupe. Tafuta sehemu lami inabadilika, kutoka laini kwenda ile yenye kokoto, kelele ya tairi itabadilika sauti palepale, ya beringi haijali lami. Afu ukiwa kwenye 60 hivi na hakuna mtu pembeni, yumbisha usukani pole pole kushoto, halafu kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kama kelele inapanda hapo mtuhumiwa ni beringi ya kulia, na kinyume chake. Ikibaki vilevile pande zote, mtuhumiwa mkubwa ni tairi. Kuhusu difu, weka N gari iteleze yenyewe (usizime injini, usukani utakuwa mgumu na breki zitaisha nguvu), difu mara nyingi inabadili sauti ukikanyaga mafuta na ukiachia, tairi haijui kama umekanyaga.

Halafu hamisha tairi, za nyuma mbele, za mbele nyuma, ni kazi ya jeki na spana tu. Kelele ikihamia mbele umemaliza kesi bila kununua hata nati.

Ikigoma kuhama ndo tunarudi kwenye beringi, na hata hapo usikubali ile ya kutikisa tairi tu na kusema imekufa. Inua gari, weka stendi, zuia tairi zilizobaki chini, gia N, hendibreki chini, zungusha tairi kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi iliyoanza kufa utaisikia kwenye springi inakwaruzakwaruza, hata kama sikio halisikii kitu. Tafadhali usije ukawasha injini na kutia gia tairi moja ikiwa juu, Subaru nyingi za hivyo zinavuta miguu yote minne, inaweza kuruka kwenye jeki. Afu uliza hiyo mpya waliiingizaje, maana kwa Impreza za umri huo beringi ya nyuma inaingia kwa presi, wakiigonga kwa nyundo inaweza kuanza kunguruma mapema tena na ukaambiwa spea ni feki.

Ukishajua ni tairi, anza na shokapu, ndo alaimenti ya miguu yote minne, tairi mwisho. Ukianza na tairi utazila mpya kama ulivyokula hizi. Na alaimenti haitanyamazisha hizi za sasa, raba ikishalika hivyo imeshalika. Kama gari yako inavuta miguu yote minne usichanganye mbili mpya na mbili zilizokwisha, kimo kikitofautiana ule mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unafanya kazi muda wote, ndo hapo yule jamaa wa difu atakuja kuwa sahihi. Mwambie fundi pia bolti za bushi za mikono (zile raba za kwenye maungio) akaze gari ikiwa imesimama kwa tairi zake chini, akikaza miguu ikining'inia bushi inakaa imejipinda na itachanika mapema.

SWALI: Mimi Demio yangu nimeshusha wiki jana, nikikata usukani nimesimama mbele inapiga tok! afu usukani unarudi kidogo wenyewe. Ukiendesha haina kelele. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hiyo si tairi ndugu yangu, hiyo ni springi inajikunja afu inaruka. Mwambie mtu akate usukani, wewe weka mkono kwenye springi ya mbele, ukisikia imeruka mkononi pale inapopiga tok basi ni beringi ya juu ya shokapu imekwama, au wameifunga kichwa chini, au ncha ya springi haijakaa kwenye ngazi yake. Wafungue tena, na hii warudie bure maana ni kazi yao. Kama springi zako ni zilezile za kiwandani wamekata kwa grainda, usifungue chochote kwanza, peleka ukafungiwe nyingine, maana iliyokatwa ukipaa kwenye tuta inaweza kutoka kabisa kwenye kikombe chake.