Kabla hujanuna, hesabu tena

Jumamosi iliyopita kijana mwingine katukunjia daftari lake la mashairi. Kaambiwa mshororo wake, yaani mstari wa shairi, una mizani (silabi) 17 badala ya 16, akajibu kwamba yeye hatungi kwa rula, akaondoka na chai yake ikabaki inapoa. Ni wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Haya, kaeni.

1. Anayekukosoa muulize: ubeti wa ngapi, mshororo gani? Akishindwa kukuonyesha, mshukuru uende zako.

2. Usijibu siku hiyohiyo. Hapa mtanivumilia, maana mimi nilijibu.

Nilikuwa na miaka 21. Nilipeleka shairi la mapenzi kwa mhariri wa ukurasa wa mashairi wa gazeti moja. Lilianza hivi:

Mpenzi ninakungojea, barazani nimekaa

Likarudi. Juu ya ile M kaweka nukta ya penseli, na pembeni maneno mawili tu: "Hesabu tena." Nikahesabu. Mpe-nzi-ni-na-ku-ngo-je-a. Nane! Na utao, kile kipande cha pili, nao nane. Nikasema mzee huyu ama kachoka, ama ana wivu. Usiku uleule nikamtungia shairi la kumjibu, beti 9, nikamwita mlinzi wa makaburi. Asubuhi nikalipeleka posta kabla hata sijanawa uso vizuri.

Yule bwana akalichapa. Lote, bila kugusa herufi, na jina langu chini yake. Sasa mnajua malumbano yetu yalivyo: wasomaji wakaona mlango uko wazi. Wiki tatu nzima nikajibiwa kwa beti. Mmoja akanitungia ubeti wenye mizani tisa kila kipande, makusudi, unachechemea kutoka mwanzo hadi kituo. Kumbe shairi langu la matusi lilikuwa na kosa lilelile, mara 11. Nililihesabu baadaye, peke yangu, mlango nimeufunga.

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu, ambaye gazeti lenyewe alisomewa. Alinikalisha barazani akasema, "Liimbe, mjomba." Nikaimba, naye kila silabi anakunja kidole. M, akakunja. Pe, akakunja. Nzi. Nilipofika kwenye ile "a" ya mwisho, vidole tisa vilikuwa vimelala, kimebaki kidole gumba kimoja kimesimama kinanitazama.

"Hiyo 'ni' inafanya nini hapo?"

Mpenzi nakungojea. Nikaimba tena, ikakaa kwenye mahadhi bila kusukumwa. Nukta ya penseli ilikuwa imeniambia hayohayo tangu mwanzo, bure, na kwa faragha.

3. M na N zinazosimama zenyewe huhesabiwa: mtu ni mbili, nchi ni mbili. Mbu anayekupigia kelele sikioni ana mbili, lakini "mbu" ya kwenye mbuzi ni moja. Mkishindwa kuelewana, imbeni; sikio halina ubishi.

4. "Mimi natunga mashairi huru" haisemwi baada ya kukamatwa. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 ubishi ulikuwa mkubwa, wanajadi hawakumwachia, lakini vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani aliviacha kwa kusudi. Wewe umevidondosha njiani, na hujui ni wapi.

5. Akikosoa mizani, usimjibu kwa dhamira. Shairi lako la kumlilia bibi yako lina uchungu wa kweli, hakuna aliyekataa, na ubeti wa pili bado unachechemea.

6. Usimpe mchumba asahihishe. Atakusifia, au mtaachana. Nina ushahidi wa yote mawili, ila huo ni wa siku nyingine.

Na wewe wa Jumamosi: daftari ulilisahau mezani, liko kwangu. Nimeweka nukta ya penseli juu ya "nchi", ubeti wa tatu. Kwingineko sikugusa. Chai nilikunywea.