Waogiek walishinda kesi, mbona bado wanafukuzwa Mau?

Ndugu, swali lako la kwa nini Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, bado wanafukuzwa linaniuma. Ushindi ni wa kweli: Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kuwa Kenya ilivunja haki zao. Ile hoja kwamba wao ndio wanaomaliza msitu iliikataa. Na ni haki, maana Waogiek ni wafugaji nyuki, na anayetundika mizinga mitini atakataje mti uleule unaomlisha?

Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85 na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi yao. Ila mahakama hiyo haina polisi. Utekelezaji uko mikononi mwa serikali ileile iliyoshtakiwa. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena, Sasimwani, humo humo Mau.